Kabla ya Skrini: Wasio na Majina Waliolipima Ziwa Tanganyika

Mpui haina ziwa. Ina barabara kuu ya Tunduma kwenda Sumbawanga, ina mahindi, ina maharage, na mwezi wa saba ina baridi ya kumfanya mtu wa Dar asahau kabisa kupiga selfi. Samaki wanaoliwa huko juu Ufipa wanapanda mlima: dagaa wakavu na migebuka kutoka Kasanga na fukwe nyingine za Tanganyika, kwenye magunia, kwenye buti za Noah, kwenye bodaboda.

Ila cheki mahali penyewe palivyokaa. Uwanda wa Ufipa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Shuka magharibi, unakutana na Ziwa Tanganyika, maji yake yako kama mita 770 juu ya bahari. Chini ya maji hayo shimo linaendelea mita 1,470. Yaani sakafu ya ziwa hilo iko karibu mita 700 CHINI ya usawa wa bahari ya Dar. Duniani ni Baikal ya Urusi tu inayolizidi kwa kina. Sasa geuka, shuka mashariki: Ziwa Rukwa. Hilo lina mita chache tu, na sehemu nyingi mwenye upondo wake anapata jibu la kina bila kuwasha chochote. Watu wa Ufipa wanaishi katikati, shimo huku, sahani kule.

Siku hizi mwenye boti Tanganyika akiwa na pesa kidogo anaiota skrini. Ni kile kisanduku kinachokaa mbele ya nahodha: nusu moja inaonyesha kilicho chini ya boti, nusu nyingine ramani yenye alama ya boti inayotembea. Kitafuta samaki na kisoma ramani, mbili kwa moja. Video zake zinazunguka mitandaoni, rangi nyekundu na njano zinachemka kwenye skrini, na chini yake watu wanaandika "sayansi noma". Kweli noma. Lakini zile namba za kina kwenye ramani hazikushuka kutoka mbinguni. Kuna watu walizitafuta, na wengi wao hakuna aliyejisumbua kuandika majina yao.

PIMA NA BILDI

Kabla ya umeme, kina kilipimwa kwa kamba. Waswahili wa pwani wana neno lake: bildi, kipande cha risasi kinachofungwa mwisho wa kamba na kutupwa majini. Kamba ikilegea, umegusa chini. Unaivuta huku unahesabu kwa mikono: mikono yote miwili ikinyooshwa, kutoka ncha ya vidole vya huku hadi ncha ya vidole vya kule, ni pima moja. Ndiyo, pima ile ile yenye kitenzi kupima. Mwili wa mtu ndio ulikuwa rula. Wazungu nao walitumia kipimo hicho hicho, na hadi leo menyu ya skrini ya boti inakupa uchague: mita, futi, au pima zao.

Wazungu wa kwanza kuandika habari za Tanganyika, Richard Burton na John Speke, walifika Februari 1858. Wasafiri wenyewe walikuwa hoi. Burton alikuwa ameishiwa nguvu za miguu, na Speke macho yalikuwa mabovu kiasi kwamba alipofika juu ya kilima hakuliona ziwa vizuri, aliona ukungu. Mwezi uliofuata, akiwa safarini ziwani, mdudu aliingia sikioni mwa Speke usiku. Akajaribu kumtoa kwa kisu. Sikio likavimba, likatunga usaha, na usikivu wake haukuwa ule wa zamani. Basi pata picha: mpelelezi mmoja hatembei, mwingine haoni wala hasikii vizuri. Nani alikuwa anaendesha mtumbwi?

Wapiga kasia wa Ujiji. Ndio waliojua upepo unageuka saa ngapi, ghuba gani inalalika na mwamba gani unang'ata. Vitabu vinawataja kwa wingi, mara "wapiga makasia", mara "mabaharia", na mara nyingi kwa kulalamika kwamba ni wavivu au wanapenda sana mapumziko. Watu waliowavusha maiti-hai wawili kwenye ziwa lenye mawimbi ya bahari, wanaitwa wavivu. Sio poa.

Swali kubwa la Burton na Speke lilikuwa mto Rusizi, kule kaskazini. Je, unatoka ziwani kwenda kuwa Mto Nile, au unaingia? Walipofika Uvira wakajibiwa na vijana watatu, wana wa mtawala wa eneo hilo: Rusizi unaingia. Kila mtu pale alisema hivyo hivyo. Safari ikaishia hapo, bila wageni kuuona mdomo wa mto kwa macho yao. Basi Ulaya ikabishana weee, mpaka Novemba 1871, pale Livingstone na Stanley walipopanda mtumbwi kutoka Ujiji kwenda kutazama. Rusizi unaingia. Miaka 13 kuthibitisha sentensi moja ya vijana watatu ambao vichwa vya habari havikuwahi kuwataja.

KAMBA ILIYOKATIKA

Livingstone alikuwa ameshaliona ziwa hili tangu Aprili 1867, upande wa kusini kabisa, siku chache kwa miguu kutoka nchi ya Wafipa. Huko aliandika jina alilolisikia: Liemba. Jina hilo baadaye likapewa meli, na hiyo meli kila mtu wa Rukwa na Kigoma anaijua. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 ili adui asiipate, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini 1927 kama Liemba. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa basi la ziwa, ikitia nanga mbele ya vijiji visivyo na gati na kupakiwa abiria kwa mitumbwi hadi Kasanga na Mpulungu.

Turudi kwenye kamba. Julai 1869, akivuka kutoka Ujiji, Livingstone alisimama karibu na mlima Kabogo akashusha kamba. Ikaenda, ikaenda, ikafika pima 326. Hiyo ni karibu mita 600. Kisha wakati wa kuivuta, ikakatika. Hata ule mchanga au tope la kuthibitisha kwamba risasi iligusa chini halikuonekana.

Fikiria ile kazi. Mita 600 za kamba iliyolowa, mkononi, kwenye mtumbwi unaoyumba, juani. Daktari alikuwa ameugua sana mwaka ule. Daftari lake linataja kipimo. Halisemi mkono wa nani ulikuwa kwenye kamba ilipokatika. Ukichukua picha ya sasa ya skrini yenye namba ya kina, jua kwamba namba ya kwanza iliyoandikwa kwa ajili ya maji yale ilipatikana hivyo, na ilikuwa pungufu kuliko kina halisi cha ziwa kwa zaidi ya nusu.

Waliofuata walikuja na vifaa zaidi. Verney Lovett Cameron alizunguka kusini mwaka 1874 na kuuona mto Lukuga, mlango pekee wa maji kutoka ziwani, ukiwa umezibwa na majani. Stanley alizunguka ziwa zima mwaka 1876. Halafu mwaka 1878 akafika Ujiji Edward Coode Hore, mtu wa London Missionary Society aliyekuwa baharia wa kweli, si mpanda milima aliyepotelea majini. Hore alikaa miaka kama kumi, akachora fukwe, na mwaka 1885 kanisa lake likashusha majini chombo kiitwacho Good News, ambacho vipande vyake vilibebwa kupitia Ziwa Nyasa na kisha vichwani mwa wapagazi hadi Tanganyika. Boila, mabati, ribiti, vyote. Wapagazi hao nao hawamo kwenye ramani.

Hore ndiye aliyeikuta Lukuga imefunguka na maji yanatoka kwa kasi. Miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa mita nyingi. Kwa mtu mwenye skrini leo hiyo si hadithi tu: kina kilichopimwa mwaka fulani ni kina cha mwaka huo. Ziwa hupanda na kushuka. Mwaka 2024 lilipanda hadi likaingia mitaani Bujumbura na kusumbua fukwe za Kigoma, wakati ufukwe kwenye ramani za watu ulikuwa bado pale pale pa zamani.

Daktari mmoja wa Kibelgiji, Louis Stappers, alikuja kufanya utafiti wa ziwa kati ya 1911 na 1913. Samaki aina ya mgebuka, yule yule anayeliwa na ugali Mpui, kisayansi anaitwa Lates stappersii kwa heshima yake. Mvuvi aliyemvua samaki wa kwanza aliyetiwa kwenye chupa ya Stappers, yeye hakupata hata herufi.

SAUTI INAPOINGIA ZIWANI

Mwaka 1912 Titanic ikagonga barafu. Mjerumani Alexander Behm akaanza kutafuta njia ya kugundua vizuizi majini kwa mwangwi, na mwaka 1913 akapata hataza. Kwa barafu haikumfaa sana. Kwa sakafu ya bahari ilifaa mno: piga sauti chini, subiri irudi, hesabu muda. Kwenye maji sauti hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo pale Tanganyika penye kina kuliko pote mwangwi unarudi baada ya sekunde mbili hivi. Sekunde mbili, badala ya asubuhi nzima ya kuvuta kamba.

Tanganyika ilichorwa chini kwa namna ya kisasa na msafara wa Wabelgiji wa 1946–1947. Matokeo yalichapishwa na André Capart mwaka 1949, na ndiyo yaliyoleta ile mita 1,470 inayoandikwa kila mahali. Mwaka kabla ya chapisho hilo, Nagasaki, Japani, ndugu wawili wa familia ya Furuno walikuwa wamegeuza kipima kina cha jeshi la majini kuwa mashine ya kuuzia wavuvi. Kwa simulizi ya kampuni yao wenyewe, wazo lilianzia kwa mvuvi mzoefu aliyemwambia kaka mkubwa kwamba penye samaki wengi huwa pana mapovu. Mapovu yanarudisha sauti. Mwanzoni wavuvi wengine waliikejeli mashine, wakaona ni mchongo wa kuwaibia, mpaka boti yenye mashine ilipoanza kurudi imejaa.

Ziwani kwetu mwangwi wa samaki ulianza kama kazi ya watafiti. Miaka ya 1970 FAO walikadiria wingi wa samaki wa Tanganyika kwa sauti. Miaka ya 1990 wakarudi na msaada wa Ufini na meli ya utafiti iitwayo Tanganyika Explorer, ikienda huku na huku kutoka nchi moja hadi nyingine, kwa sababu samaki hawana pasipoti na ziwa ni la nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Skrini ndogo ya boti binafsi ilikuja baadaye sana, ilipokuwa rahisi, na setilaiti zikawa za wote. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa inaharibu makusudi mawimbi ya GPS ya raia, kosa likifika hata mita 100. Siku ile waliyozima uharibifu huo, kila mvuvi duniani alipata mahali pake kwa mita chache bila kulipa shilingi.

KUFUNGA, NA MAHALI WATU WANAPOKOSEA

Sasa mtu kanunua. Kisanduku kiko mezani, mwongozo wa matumizi una lugha kumi na mbili, Kiswahili hakimo. Kifaa chenyewe ni skrini, waya wa umeme, na kihisi, yaani ile sehemu inayopiga sauti na kuisikiliza. Skrini ndiyo watu wanaoipenda, ila pesa inaliwa au kuokolewa kwenye kihisi.

Kihisi kinachukia hewa. Povu likipita mbele yake, kinaona povu tu. Kwa boti ya faiba yenye injini ya nyuma, kinafungwa kwenye ubao wa tezi, uso wake ukitazama chini sawasawa na ukishuka kidogo kuliko sakafu ya boti, mbali na propela. Propela inayozunguka kama mshale wa saa, ukiitazama kwa nyuma, inafaa kihisi kikae upande wa kulia, kwa sababu huko makali yanashuka na msukosuko ni mdogo. Kikifungwa nyuma ya taruma au msumari unaotoa povu, boti ikishika kasi skrini inageuka theluji. Hapo ndipo watu wanarudisha mashine dukani wakisema ni feki.

Kuna wanaokigundisha ndani ya boti kisipate maji kabisa, sauti ipite kwenye sakafu. Kwa faiba ngumu isiyo na povu ndani yake inawezekana, gundi ikiwa haina hata kiputo. Kwa mbao hapana. Mbao ina hewa ndani, sauti inafia humo. Na boti nyingi za Tanganyika ni za mbao. Njia iliyo rahisi kwa chombo cha mbao ni kukifunga kihisi kwenye mti au bomba linaloshushwa ubavuni wakati wa kutafuta na kupandishwa wakati wa kukimbia. Haipendezi kwenye picha. Inafanya kazi.

Umeme ni volti 12, moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi ya saizi iliyoandikwa kwenye mwongozo ikae karibu na betri. Usiunganishe kwenye waya wa taa za kuvulia, na waya wa kihisi usilale bega kwa bega na waya za injini. Ukiona mistari inayokuja na kuondoka kulingana na moto wa injini, ndiyo sababu. Waya wa kihisi haukatwi ili ufupishwe. Unakunjwa. Kisha menyu: weka mita, weka maji baridi yasiyo na chumvi.

Halafu inakuja sehemu ambayo Tanganyika ina siri yake. Watu wananunua mashine kwa kuuliza inafika mita ngapi. Kwa ziwa hili, swali hilo halina maana sana. Chini ya takribani mita 100 upande wa kaskazini, na mita 200 upande wa kusini, maji hayana oksijeni. Hakuna dagaa huko, hakuna mgebuka, hakuna chochote chenye mapezi. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili, kwa samaki, ni stoo iliyofungwa. Kwa hiyo mvuvi wa Kasanga au Kipili hahitaji kuiona sakafu. Anahitaji mita 100 za juu zionekane vizuri, na mawimbi ya kilohezi 200 yanazitosha. Upeo ukiachwa ujipange wenyewe, mashine inahangaika kutafuta sakafu ambayo haiwezi kuifikia, na ikichoka inaweza kukuwekea namba ya uongo, mita 12 au 30, mahali penye mita 900. Ni vizuri kuufunga upeo kwa mkono: sifuri hadi 100, basi.

Ile alama ya samaki mzuri mzuri, katuni yenye mkia, nayo izimwe. Mashine inabandika katuni kwenye kila kitu kinachorudisha sauti, hata povu na majani. Dagaa hawaji kama katuni. Wanakuja kama wingu, doa zito lenye kingo laini. Mgebuka mmoja mmoja anaonekana kama upinde, kwa sababu anaingia kwenye mwanga wa sauti akiwa pembeni, anakaribia katikati, kisha anatoka. Mchana wingu linakuwa chini. Jua likizama linapanda. Wavuvi wa taa walilijua hilo tangu enzi za karabai, ndiyo maana wanavua usiku wa giza na kupumzika siku za mbalamwezi, taa inapokosa nguvu mbele ya mwezi. Skrini imewathibitishia walichokuwa wakikifanya.

RAMANI YENYE MAENEO MATUPU

Upande wa pili wa skrini ndio unaodanganya kwa upole. Alama ya boti iko sahihi kwa mita chache. Ramani iliyo chini yake ni habari nyingine. Makampuni ya chati huanza kushughulikia maji yenye wateja wengi, na Tanganyika haiko mbele kwenye foleni. Mara nyingi unachopata ni umbo la ufukwe na namba chache za kina, na namba hizo zilichukuliwa kwenye mistari ambayo meli ya utafiti ilipita. Katikati ya mstari na mstari, kompyuta imekadiria. Mwamba mmoja mbele ya kijiji kimoja, ambao kila mtoto wa pale anaujua kwa jina, unaweza usiwepo kabisa.

Ukitembea usiku kwa kufuata ule weupe laini wa skrini karibu na mawe ya Ufipa, ambako mlima unaingia majini wima, unaweza kuwa na mita 200 chini ya boti na jiwe mita 20 mbele ya omo. Mtu wa zamani alikuwa na njia yake: mti fulani ukikaa sawa na bega la mlima fulani, na mdomo wa mto ukifunguka kushoto, upo mahali pako. Alama mbili zinazokatana. Ni hesabu ile ile ya GPS, ila setilaiti zake ni mwembe na jabali, na haihitaji betri. Miezi ya upepo wa kusini, Mei hadi Septemba, wimbi likiwa refu na skrini imelowa, bado ndiyo inayorudisha watu nyumbani.

Upepo huo huo unasukuma maji ya juu kwenda kaskazini na kuyaibua ya chini upande wa kusini, yenye mbolea ya asili, ndiyo chakula cha mwanzo cha dagaa. Hapa ndipo habari ya skrini inapokuwa nzito. Ziwa limepata joto, na maji ya juu yakiwa moto yanakuwa mepesi na hayachanganyiki vizuri na ya chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kwenye jarida la Nature ulikadiria kwamba uzalishaji wa chakula ndani ya ziwa ulikuwa umepungua kama asilimia 20, na mavuno ya samaki yanaweza kuwa yamepungua kama asilimia 30. Wakati huo huo wavuvi wameongezeka, taa zimekuwa za sola na LED, na kifaa cha kuwaona samaki popote walipo kinauzwa kwa bei ya pikipiki au chini yake.

Boti moja yenye skrini inapunguza mafuta na usiku wa bure. Boti zote zikiwa na skrini, wingu la dagaa halina pa kujificha. Tanzania yenyewe inazigawa: kuna boti za kisasa za mkopo nafuu zilizokabidhiwa kwa wavuvi miaka ya karibuni zikiwa na vifaa vya kutambua samaki ndani yake. Na ni serikali hiyo hiyo, pamoja na nchi jirani, iliyofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Maamuzi yote mawili yana mantiki. Yakikaa kwenye boti moja, yanagombana.

Wavuvi wenyewe wameshaona thamani iko wapi. Si skrini, ni zile pointi. Kila ukipata wingu zuri unabonyeza kitufe, mashine inatunza mahali. Yenyewe inazipa namba, 001, 002, 003. Mwenye boti mjanja anaziandika kwa majina ya uongo, kwa sababu kijana wa kazi akihama boti anaweza kuhama nazo kwenye simu, picha mbili tu za skrini na mchezo umekwisha. Wengine wanaziweka kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu na kuitoa kila asubuhi boti inapofika ufukweni. Asiyetoa nakala, maji yakiingia kwenye mashine anaanza upya kutoka 001, na mara nyingi anaanza kwa kumtafuta mzee yule yule aliyekuwa akipanda naye zamani, amwonyeshe tena mti upi ulikaa sawa na mlima upi.